Oda 540, Boda Imekula Shilingi Ngapi? Chomoa 25 Tu Upate Wastani

Somo la leo lina hesabu, ila ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa, na mara moja moja tutabonyeza kile kitufe cha kipeuo cha pili kwenye kalkuleta ya simu. Chukua daftari na kalamu kabisa, maana hili ukilisoma umelala litakupita.

Swali lenyewe karibu kila anayeuza mtandaoni analo: niweke "usafiri bure" au nisiweke? Mteja anaona shuka 35,000, anauliza, "Boda mpaka Goba shilingi ngapi?" Unamjibu, anapotea. Mwenzako ameandika 40,000 unaletewa mpaka mlangoni, na mteja yule yule anachukua kule. Kwa hiyo na wewe unataka kuiingiza boda ndani ya bei. Sawa. Unaingiza shilingi ngapi?

Wengi wanajibu hapo hapo, "Weka elfu tano, boda si ndiyo hiyo." Hiyo elfu tano imetoka wapi? Imetoka kichwani. Na kichwa cha mfanyabiashara kinakumbuka safari za aina mbili: ya jana, na ile iliyokuuma. Katikati hapo kuna mamia ya safari ambazo hazikumbukwi na mtu, na ndizo zinazokula hela.

Nitatumia biashara yangu ya mashuka, mzigo unatoka Kariakoo. Daftari la mwaka mzima lina oda 540 zilizokwenda kwa boda ndani ya Dar es Salaam. Nikiweka elfu tano kwenye bei na ukweli ukawa wastani ni elfu sita, kila oda inaondoka na buku langu. Buku mara 540 ni 540,000 kwa mwaka. Hutaiona ikitoka, utaona tu mtaji haukui.

Sasa utasema, si uhesabu zote 540? Ndiyo, ingekuwa bora. Tatizo ni kwamba kwenye daftari kuna jina, bidhaa na bei, lakini hela ya boda iko kwenye ujumbe wa simu, nyingine kwenye mazungumzo na dereva, nyingine ililipwa taslimu. Kuitafuta oda moja mpaka uipate ni kama dakika tano. Dakika tano mara 540 ni dakika 2,700, yaani saa 45. Nani ana saa 45 za kukaa anafukua meseji za mwezi wa tatu?

Hapa ndipo inaingia sampuli.

Wanunuzi wa mahindi na mpunga hawamwagi gunia zima chini. Wana bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia na kutoka na punje kidogo. Kwa punje hizo mtu anajua mzigo una unyevu, una wadudu, umechanganywa au ni safi. Ila mnunuzi mzoefu hachomi pale anapoonyeshwa. Muuzaji mjanja anaweka mahindi mazuri juu na karibu na mdomo wa gunia. Mzoefu anachoma chini, pembeni, kwenye gunia la nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna aliyemwandalia. Kama muuzaji hajui bambo litaingia wapi, hawezi kulidanganya.

Sampuli nasibu ni bambo lililoondolewa hata mkono wa mwenye bambo. Maana na wewe mwenyewe mkono wako una mazoea. Tunataka kila oda kati ya zile 540 iwe na nafasi sawa kabisa ya kuchaguliwa, na kila kundi la oda 25 liwe na nafasi sawa na kundi lingine lolote la oda 25. Huchagui wewe. Inachagua bahati.

Kabla ya kuchagua, amua kundi zima ni lipi. Watu wengi wanaruka hatua hii halafu hesabu inawageuka. Mimi kundi langu ni oda zilizotoka kwa boda ndani ya Dar mwaka jana. Za mkoani zinazopanda basi hazimo, hizo zina bei zao na zitahesabiwa peke yake. Waliokuja kuchukua wenyewe hawamo. Oda zilizofutwa kabla boda haijatoka hazimo. Lakini oda ambayo boda ilikwenda, mteja akaikataa, mzigo ukarudi, hiyo imo, na gharama yake ni kwenda na kurudi, kwa sababu hela ilitoka. Ukishaamua, zipe namba kuanzia 1 mpaka 540, hata kwa penseli pembeni mwa daftari. Nusu saa inatosha.

Sasa tuchomoe. Na hapa niseme kwanza njia ambazo watu wanadhani ni nasibu kumbe siyo. Kufungua kurasa za mwanzo za daftari: hizo ni za Januari, na Januari wateja wa mbali wanapungua au wanaongezeka kutegemea unauza nini. Kuchukua oda za juu kabisa kwenye simu: hizo ni za juzi, bei za juzi. Kufumba macho na kufungua daftari "popote": daftari linafunguka katikati, pale lilipozoea kukunjwa. Kuchagua wewe kwa akili yako "zinazowakilisha": hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana utachagua zinazokubaliana na elfu tano yako. Na kuuliza wafuasi kwenye ukurasa "jamani mlilipa boda shilingi ngapi" siyo sampuli kabisa, wanaojibu ni wale wenye la kusema.

Njia ninayoipenda haihitaji hata intaneti. Tafuta vizibo kumi vya soda, andika ndani yake 0, 1, 2 mpaka 9, kila kimoja tarakimu moja. Tia kwenye mfuko wa kaki, tikisa, chomoa kimoja bila kuangalia, andika. Kirudishe. Tikisa tena, chomoa, andika. Kirudishe, tikisa, chomoa cha tatu. Una namba ya tarakimu tatu. Umepata 0, 4, 7? Hiyo ni oda ya 47. Umepata 3, 1, 8? Oda ya 318. Umepata 772? Hakuna oda hiyo, itupe, anza upya. Umepata 000? Itupe pia. Namba uliyokwisha kuipata ikijirudia, itupe, maana oda moja hatuihesabu mara mbili. Endelea mpaka ufikishe 25. Karibu nusu ya namba utazitupa, usikate tamaa, ndivyo ilivyo kwa sababu daftari linaishia 540.

Mwenye kompyuta au programu ya Excel au Google Sheets kwenye simu aandike =RANDBETWEEN(1,540) na kuiburuta chini. Zinazojirudia tupa. Andika namba kwenye karatasi upesi, kwa sababu ukigusa kitu zinabadilika.

Nimesisitiza kutikisa, na siyo mbwembwe. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilichezesha bahati nasibu ya kupanga vijana wa kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 za kuzaliwa zilitiwa kwenye vidonge vya plastiki, kila kidonge tarehe moja, vikamiminwa kwenye chombo cha kioo na kuchotwa kwa mkono. Anayetoka mwanzo ndiye anaitwa mwanzo. Wataalamu walipoyachambua matokeo waliona waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, Desemba hasa, wametoka mapema kupita kawaida. Vidonge vilikuwa vimeingizwa kwa kufuata miezi na havikukorogwa vya kutosha. Ile ilikuwa roho za watu, hii ni boda, lakini mfuko usiotikiswa ni ule ule.

Haya. Namba 25 zimetoka, nikaenda kuzitafuta kwenye simu. Kazi ya saa mbili na kitu. Hizi hapa, nimeandika kwa maelfu, 4 maana yake shilingi 4,000:

4, 5, 8, 5, 3, 10, 6, 5, 7, 4, 5, 15, 4, 6, 5, 3, 8, 5, 6, 10, 4, 7, 5, 6, 4

Jumlisha zote: 150. Gawa kwa 25: 6. Wastani wa sampuli ni shilingi 6,000. Hiyo ndiyo makadirio yetu ya wastani wa oda zote 540, na ukizidisha 6,000 mara 540 unapata 3,240,000, makadirio ya hela yote iliyokwenda kwa boda mwaka mzima. Milioni tatu na laki mbili! Wengine hapo tu somo limeshawatosha.

Jicho lako limeishaiona ile 15. Unataka kuifuta, sivyo? "Hiyo ni ya ajabu, haitatokea tena." Usiifute. Hiyo ni ile niliyosema, mzigo ulivuka Kigamboni, mteja akabadili mawazo, ukarudi. Kwenye daftari zima zipo nyingine kama hizo, na bambo limeleta moja ya kuziwakilisha. Ukiifuta, zinabaki 24 zenye jumla ya 135, wastani unakuwa 5,625, na umejidanganya kwa shilingi 375 kwa oda. Namba ya kufuta ni ile uliyoandika vibaya tu, kwamba ulitaka kuandika 1,500 ukaandika 15,000.

Jambo lingine linalofanana na hilo: namba iliyochomoka lakini kumbukumbu yake haionekani. Kishawishi ni kuchukua oda inayofuata. Hapana. Ihangaikie. Mpigie dereva, muulize mteja, angalia tarehe na mahali. Zile zisizoonekana mara nyingi zina tabia yake, kwa mfano zililipwa taslimu kwa sababu ni za karibu, na ukiziacha zote umebaki na za mbali tu, wastani unapanda wenyewe. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia kura nani kati ya Roosevelt na Landon. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na zama zile za dhiki hao hawakuwa watu wa kawaida. Waliorudisha kadi walikuwa zaidi ya milioni 2, wengine kimya. Jarida likatangaza Landon anashinda. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Kadi milioni mbili zilizokusanywa vibaya zimeshindwa na watu wachache waliochaguliwa vizuri. Ndiyo maana siogopi kukuambia oda 25.

Lakini je, ile 6,000 ndiyo ukweli wenyewe? Hapana, na mtu asikudanganye. Ningetikisa mfuko tena zingetoka oda nyingine 25 na wastani mwingine, labda 5,700, labda 6,300. Swali zuri ni hili: wastani huo unaweza kuyumba kiasi gani?

Tufanye mfano mdogo wa mezani uone kwa macho. Tuseme biashara nzima ina oda tano tu: 3,000, 4,000, 5,000, 8,000 na 10,000. Wastani wa kweli ni 6,000. Sasa chomoa mbili mbili. Jozi zinazowezekana ni kumi, na wastani wake ni hizi: 3,500, 4,000, 5,500, 6,500, 4,500, 6,000, 7,000, 6,500, 7,500 na 9,000. Hakikisha mwenyewe. Jozi moja tu imepiga 6,000 kamili. Nyingine zimekosea juu, nyingine chini. Lakini jumlisha zote kumi, ni 60,000, gawa kwa kumi: 6,000. Yaani njia yenyewe haina upande. Haivuti juu wala chini, inayumba tu kuzunguka ukweli.

Sasa chomoa nne nne kutoka zile tano. Makundi ni matano, na wastani wake ni 5,000, 5,500, 6,250, 6,500 na 6,750. Umeona? Kwa jozi tulifika mpaka 3,500 na 9,000. Kwa nne nne hakuna aliyekosea zaidi ya 1,000. Sampuli ikikua, kuyumba kunapungua.

Kwenye oda za kweli hatuwezi kuandika makundi yote, hayahesabiki. Kuyumba tunakupima kutoka ndani ya sampuli yenyewe, kwa kuangalia zile 25 zimetawanyika kiasi gani. Fuata taratibu. Kila namba itoe kutoka wastani wa 6, halafu tofauti izidishe kwa yenyewe. Namba 4: tofauti ni 2, mara mbili ni 4. Namba 8: tofauti 2, unapata 4. Namba 5: tofauti 1, unapata 1. Namba 10: tofauti 4, unapata 16. Namba 6 haina kitu. Na bwana 15: tofauti 9, unapata 81. Jumlisha zote 25, inakuja 168. Cheki, karibu nusu ya 168 imeletwa na ile 15 peke yake.

Gawa 168 kwa 24, siyo 25, unapunguza moja kwa sababu wastani wenyewe tumeutoa humo humo kwenye sampuli. 168 kwa 24 ni 7. Kipeuo cha pili cha 7 ni 2.646. Huo ndio mtawanyiko: oda moja moja zinapishana na wastani kwa kama shilingi 2,646.

Ila sisi hatutaki kuyumba kwa oda moja, tunataka kuyumba kwa wastani wa oda 25, na huo unayumba kidogo zaidi kwa sababu za juu na za chini zinafidiana. Gawa 2,646 kwa kipeuo cha pili cha 25, ambacho ni 5. Unapata 529. Zidisha mara mbili: 1,058.

Basi jibu letu kamili siyo "6,000". Jibu ni: 6,000, juu au chini kwa kama 1,060. Yaani wastani wa kweli wa oda 540 uko kati ya 4,940 na 7,060. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu ukifanya zoezi hili mara nyingi nyingi, kwa kama mara 95 kati ya 100 mpaka wa namna hii utakuwa umeukamata ukweli ndani yake. Zile tano utakuwa umeukosa bila kujua. Hiyo ndiyo gharama ya kutohesabu zote.

Hiyo "mara mbili" inafaa ukiwa na 25 kwenda juu. Ukiwa na chache, ongeza. Mtu aliyelifanyia kazi hili alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, William Sealy Gosset, na alikuwa anapambana na sampuli ndogo ndogo za shayiri na bia. Mwaka 1908 alichapisha hesabu yake kwa jina la kujificha, Student. Kutokana na kazi yake tunajua ukiwa na oda 10 zidisha kwa 2.26, ukiwa na 5 zidisha kwa 2.78. Kwa 25 ni 2.06, ndiyo maana nimesema mbili nikaendelea na maisha.

Sasa turudi kwenye pesa. Mpaka wetu ni kati ya 4,940 na 7,060. Ile elfu tano ya kichwani imo humo, lakini imening'inia ukingoni. Inawezekana ikawa kweli, ila mimi mtaji wangu siuweki hapo. Nikiweka 7,000 kwenye bei nina uhakika mkubwa sipotezi, lakini shuka la 35,000 linakuwa 42,000 na mwenzangu yuko 40,000. Kwa hiyo mpaka huu kwangu ni mpana mno. Mwenye bidhaa yenye faida nene angeishia hapa, akaweka 7,000, akalala. Mimi nataka kujua ndani ya shilingi 500.

Oda ngapi zinahitajika? Chukua mtawanyiko 2,646, zidisha mara mbili, 5,292, gawa kwa 500, unapata 10.58. Zidisha hiyo kwa yenyewe: 112. Halafu kuna punguzo, kwa sababu daftari letu lina oda 540 tu na tukichomoa nyingi tunakuwa tumeshaona sehemu kubwa yake. Gawa 112 kwa 540, ni 0.207, ongeza 1, inakuwa 1.207. Gawa 112 kwa 1.207: 93. Oda 93 zinatosha. Zile 25 hatuzitupi, tunaongeza 68 kwa vizibo vile vile, ukikumbuka kuruka zilizokwisha chomoka.

Angalia kitu hapa. Kupunguza kuyumba kwa nusu, kutoka 1,060 kuja 500 na kidogo, kunataka karibu mara nne ya oda. Kutoka 500 kwenda 250 kungetaka nyingi zaidi tena. Kila hatua ya uhakika ni ghali kuliko iliyopita, kwa hiyo usitafute uhakika usioutumia. Na angalia kingine: ukubwa wa kundi zima hausumbui kama watu wanavyodhani. Ningekuwa na oda 54,000 badala ya 540, bado ningehitaji 112 tu. Kijiko cha kuonjea chumvi ni kile kile, uwe umepika sufuria ya nyumbani au la harusi, mradi umekoroga.

Nimechomoa hizo 68, jioni tatu. Jumla ya zote 93 ni 576,500. Gawa: 6,199, tuseme 6,200. Mtawanyiko ulitoka 2,700, ukipiga hesabu na lile punguzo kuyumba ni kama 510. Wastani uko kati ya 5,690 na 6,710. Elfu tano imetoka nje kabisa ya mpaka. Nimeweka 6,500, shuka 41,500 mpaka mlangoni.

Kuna kitu kimoja ambacho vizibo haviwezi kukuambia. Oda 540 zilikuwa za wateja waliokuwa wanalipa boda wenyewe. Mtu wa Chanika au Bunju akisikia 12,000 ya boda alikuwa anaahirisha. Ukiandika "bure", huyo ndiye wa kwanza kuja. Na yule wa Ilala aliyekuwa anakuja kuchukua mwenyewe, sasa naye ataletewa, huyu anavuta wastani chini. Kundi la mwaka huu siyo kundi la mwaka jana, na petroli nayo ina mambo yake. Sampuli inakueleza vizuri kundi ulilochomoa, basi. Mimi nimeandika kwenye tangazo maeneo ambayo ni bure, na kwa nje ya hapo mteja anaongeza tofauti.

Na kuanzia sasa kwenye daftari nimechora mstari wa ziada wa hela ya boda, unaandikwa siku ile ile. Kila mwisho wa mwezi natikisa mfuko, nachomoa oda 25 za mwezi huo. Zoezi linachukua dakika kumi, hesabu na chai. Wastani ukivuka 6,500 miezi miwili mfululizo, bei inapanda.

Kwa anayeuza mitumba, vipodozi au vyakula, badilisha tu kinachohesabiwa: mteja mmoja ananunua wastani wa shilingi ngapi, kifurushi kina uzito wa wastani gani, robota linatoa nguo za wastani wa bei gani. Ila kwa robota, toa nguo zote kwanza uzipe namba. Zile za juu ndizo muuzaji alizotaka uzione.